Jifunze Arduino kwa masomo ya bure ya mtandaoni: kuanzia taa moja hadi kipimo cha maji tankini

Mtu anaweza kutazama video arobaini za Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa kazi kwa kompyuta, na bado akashindwa kuwasha taa moja bila kunakili. Video humwonyesha saketi (mzunguko wa umeme uliounganishwa) iliyokwisha kukubali. Ya kwake mezani itakataa mara tatu kabla ya kuwaka, na kujifunza kwenyewe kumo katika kule kukataa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kinachoharibika na namna ya kukisaka.

Tunashika njia moja: bodi ya Arduino Uno, lugha yake ambayo ni C++ iliyorahisishwa, na lengo moja mwishoni, yaani kipimo kinachosoma kiwango cha maji kwenye tanki na kuwasha taa nyekundu maji yakikaribia kuisha. Tanki lipo karibu kila mtaa ambao maji ya bomba hutoka kwa zamu. Vifaa vyake ni vichache, lakini linadai yote ya msingi: kupokea ishara, kukokotoa, kuamua, kutoa jibu.

Hatua ya 1: Chagua somo moja, uliache lingine

Kosa la wengi ni kuchanganya walimu watano. Mmoja anatumia Uno, wa pili ESP32 (bodi nyingine, yenye Wi-Fi), wa tatu toleo la maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) lililokwisha kubadilika, kisha mwanafunzi hajui kwa nini msimbo, yaani maagizo ya programu, haukubali. Kabla ya kuanza somo lolote, likague hivi: lina mchoro wa saketi unaosomeka? Linataja thamani ya kila rezista (kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme) na sababu ya thamani hiyo? Msimbo wake umewekwa kama maandishi, au unaonekana kwenye video tu? Limetaja jina kamili la bodi? Likikosa mawili kati ya hayo, pita.

Kwa kielektroniki, kurasa za docs.arduino.cc na learn.sparkfun.com ni za maandishi, hazili bando, na ni sahihi. Anayetaka mwalimu azungumze polepole na kumpa kazi ya nyumbani ana mfululizo wa Paul McWhorter kwenye YouTube. Kwa upande wa programu pekee, kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard huanza na Scratch kisha hushika lugha ya C, ambayo ni ndugu wa karibu wa lugha ya Arduino. Kozi hiyo ni nzito, kwa hiyo usiibebe siku zile zile unazohangaika na waya. Maliza kwanza kipimo cha tanki.

Video unaweza kuzipakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Maneno ya mwalimu yanasikika vizuri hata kwa 360p, ila pale anapochomeka waya panda hadi 720p au piga picha ya skrini, maana kwa ubora mdogo tundu la 9 na la 10 hufanana. Tafsiri ya Kiswahili inayotolewa na mashine huvuruga maneno ya ufundi. Afadhali usome maandishi ya Kiingereza chini ya video, ukiwa na daftari la maneno yako mwenyewe.

Hatua ya 2: Anza bila kununua kitu

Tinkercad ya Autodesk na Wokwi ni saketi za kuigiza ndani ya kivinjari, zote za bure. Fungua akaunti, buruta bodi ya Uno, taa ya LED, rezista na bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia bila kulehemu), unganisha, andika msimbo, bonyeza kuanza.

Jua tu zinaficha nini. Tinkercad hukokotoa umeme, hivyo LED uliyoiunganisha bila rezista itakuonyesha alama ya kuzidiwa. Wokwi haijali sana upande huo: LED bila rezista itawaka kama kawaida, na ukiihamishia mezani hivyo hivyo unaihatarisha taa pamoja na pini ya bodi (tundu lenye namba unapochomeka waya). Wala hakuna kati ya hizo mbili itakayokufundisha waya uliolegea. Tumia uigizaji wiki moja au mbili, usizidishe.

Kila somo lipitie hatua tatu. Kwanza andika msimbo kwa vidole vyako, usinakili na kubandika. Ukishafanya kazi, ubadilishe mambo matatu: pini, muda, na tabia moja, mfano taa izimike badala ya kuwaka. Kesho yake uandike upya bila kutazama. Usipoweza, somo halijaisha.

Hatua ya 3: Vifaa

- Arduino Uno R3 au nakala yake, 1, pamoja na kebo ya USB inayopitisha data
- Bredibodi ya matundu 830, 1
- Waya za jampa dume kwa dume 20, dume kwa jike 10
- Rezista za omu 220, omu 1,000 na omu 10,000, kumi kumi
- Taa za LED nyekundu na kijani, tano tano
- Vitufe vya kubonyeza 4
- Kihisi cha mawimbi ya sauti HC-SR04, 1
- Multimita yenye mlio wa kupima mwendelezo, 1

Usivutwe na sanduku la vihisi 37. Nyingi utazikuta bado kwenye mfuko mwaka ujao. Pesa hiyo itie kwenye multimita, kwa kuwa bila mita unabahatisha. Ukinunua Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi), mwombe muuzaji aichomeke bodi kwenye kompyuta mbele yako.

Rezista ya omu 220 ina mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Ya 1,000 ni kahawia, nyeusi, nyekundu. Ya 10,000 ni kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa. Hizi ni zile za mistari minne, mmoja wa mwisho ukiwa wa dhahabu. Za mistari mitano husomwa tofauti, na chini ya balbu ya manjano nyekundu na chungwa hazitofautiani. Ipime kwa mita kabla ya kuichomeka, ni sekunde tano tu.

Kuvuna vifaa kwenye redio mbovu ni jambo zuri. Chaja na pawasapulai ziache kwanza: kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) kubwa iliyo upande wa umeme wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kuzishikilia hata baada ya plagi kutolewa.

Hatua ya 4: Kuweka programu na kupakia msimbo wa kwanza

Hapa ndipo wengi hukwama na kuacha, nao hata hawajagusa kielektroniki.

Pakua Arduino IDE kutoka arduino.cc. Toleo la 2 linataka kompyuta ya biti 64. Kama mashine yako ni kuukuu ya biti 32, chukua toleo 1.8.19, halina upungufu wowote kwa kazi hii. Asiye na kompyuta anaweza kutumia simu ya Android yenye uwezo wa OTG (wa kuunganishwa na vifaa vya USB) pamoja na programu ya ArduinoDroid. Kuandika ni kwa tabu, lakini msimbo unaingia kwenye bodi.

Chomeka bodi, fungua File, Examples, 01.Basics, Blink. Kwenye menyu ya Tools chagua Board iwe Arduino Uno, kisha Port. Kabla ya kupakia, badilisha 1000 zote mbili ziwe 100. Bodi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na Blink tayari ndani yake, kwa hiyo taa inayowaka na kuzima kila sekunde haithibitishi kwamba msimbo wako umeingia. Ikianza kupepesa haraka haraka, umefika.

Isipokubali, fuata mpangilio huu bila kuruka:

Taa ya umeme ya bodi inawaka lakini Port haionekani: badilisha kebo kwanza. Kebo nyingi zilizozagaa nyumbani ni za kuchajia tu, hazina waya wa data ndani. Ikiwa kebo ni nzima, tatizo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua bodi. Nakala za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, ambayo Windows huenda ikahitaji kuwekewa draiva yake.

Kwenye Linux, ukiambiwa "Permission denied" kwa /dev/ttyUSB0, andika `sudo usermod -a -G dialout $USER`, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Kwenye Ubuntu 22.04 kuna mtego mwingine: programu ya brltty, inayohudumia skrini za nukta nundu, huikamata CH340 na poti hutoweka mara tu inapotokea. Kama hutumii skrini hiyo, iondoe kwa `sudo apt remove brltty`.

Ujumbe wa "not in sync: resp=0x00" maana yake kompyuta inaita na bodi haiitikii. Hakikisha poti ni sahihi, bodi uliyochagua ndiyo uliyo nayo, na hakuna waya kwenye pini 0 na 1, kwani hizo ndizo mlango wa mawasiliano na USB. Kwa nakala za Arduino Nano, jaribu chaguo la Processor lenye maneno "Old Bootloader". Mara nyingi ndilo dawa.

Msimbo ukikataa kabla hata ya kupakiwa, soma kosa la kwanza juu, usianze na la mwisho. Nukta mkato moja iliyosahaulika huzaa makosa sita, na mstari unaotajwa kwa kawaida ni ule unaofuata baada ya wenye kosa.

Hatua ya 5: Taa moja, kwa hesabu

Bredibodi ina safu fupi za matundu matano yaliyoungana, na bonde katikati linalotenganisha pande mbili. Miguu miwili ya LED ukiichomeka kwenye safu moja ya matano, umeipigia shoti na haitawaka. Njia ndefu za pembeni ni za umeme, ila kwenye baadhi ya bredibodi hukatika katikati. Ndiyo sababu nusu ya saketi hufanya kazi na nusu nyingine imekufa. Pima kwa mlio wa mita kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia kabla ya kulaumu msimbo.

Unganisha pini 4 kwenye rezista ya omu 220, rezista kwenye mguu mrefu wa LED nyekundu, mguu mfupi kwenye GND (upande hasi wa umeme wa bodi). Kwa nini 220? Pini hutoa volti 5, LED nyekundu hula takriban 2, zinabaki 3. Gawanya 3 kwa 220, unapata ampea 0.0136, yaani karibu miliampea 14. Pini ya Uno inafaa kubeba miliampea 20. Ikifika 40 umeshagusa mpaka wa kuiunguza. Kwa hesabu hiyo hiyo utaelewa kwa nini mota au pampu haiunganishwi moja kwa moja kwenye pini hata siku moja.

Sasa hakikisha. Weka mita kwenye volti za DC, gusa ncha mbili za rezista taa ikiwa inawaka. Utasoma karibu volti 3. Kisha weka rezista ya 10,000: taa itafifia, mkondo umeshuka hadi miliampea 0.3. Igeuze LED: haitawaka, wala haitaungua. Majaribio haya matatu yana faida kuliko video nzima ya nadharia ya Ohm.

Kitufe kinahitaji neno moja tu. Pini isiyounganishwa na kitu huelea na kusoma upuuzi, kwa hiyo andika `pinMode(2, INPUT_PULLUP)`, kitufe ukiweke kati ya pini 2 na GND, na ukumbuke kwamba kikibonyezwa husomeka LOW (volti 0).

Hatua ya 6: Kipimo cha maji

HC-SR04 hutoa mlio usiosikika, kisha hungoja mwangwi. VCC iende 5V, GND iende GND, Trig pini 9, Echo pini 10. Taa nyekundu iko pini 4, kijani pini 5, kila moja na rezista yake ya 220.

```
const int TRIG = 9;
const int ECHO = 10;
const int NYEKUNDU = 4;
const int KIJANI = 5;
const float KIMO = 120.0; // kihisi hadi sakafu ya tanki, sm
const float PENGO = 30.0; // kihisi hadi maji tanki likijaa, sm
unsigned long mwisho = 0;

void setup() {
  pinMode(TRIG, OUTPUT);
  pinMode(ECHO, INPUT);
  pinMode(NYEKUNDU, OUTPUT);
  pinMode(KIJANI, OUTPUT);
  Serial.begin(9600);
}

void loop() {
  if (millis() - mwisho < 2000) return;
  mwisho = millis();

  digitalWrite(TRIG, LOW);
  delayMicroseconds(2);
  digitalWrite(TRIG, HIGH);
  delayMicroseconds(10);
  digitalWrite(TRIG, LOW);

  unsigned long muda = pulseIn(ECHO, HIGH, 30000);
  if (muda == 0) {
    Serial.println("Hakuna mwangwi");
    return;
  }
  float umbali = muda / 58.0;
  float asilimia = (KIMO - umbali) * 100.0 / (KIMO - PENGO);
  Serial.print(umbali);
  Serial.print(" sm, asilimia ");
  Serial.println(asilimia);
  digitalWrite(NYEKUNDU, asilimia < 20);
  digitalWrite(KIJANI, asilimia >= 20);
}
```

Fungua Serial Monitor, kasi iwe 9600. Ukiona herufi za ajabu, kasi ya dirisha na ya msimbo hazilingani.

58 inatoka wapi? Katika nyuzi 20 za Selsiasi sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 0.0343 kwa kila maikrosekunde. Mlio huenda na kurudi, kwa hiyo kila sentimita ya umbali hugharimu maikrosekunde 58 hivi. Lakini ndani ya tanki jeusi lililoanikwa juani hewa inaweza kufika nyuzi 40, na hapo sauti hukimbia karibu mita 355. Kwa maji yaliyo sentimita 100 chini ya kihisi, kipimo chako kitapungukiwa na karibu sentimita 3. Ukibadilisha 58 kuwa 56.3 kosa hilo linaisha kwa mchana wa jua kali. Usiku litarudi kinyume. Kwa kujua kama maji yapo au hayapo, tofauti hiyo haina neno.

Usikimbilie tanki. Jaribu kwanza kwenye ndoo: futi kamba kando, KIMO na PENGO vibadilishwe kwa vipimo vya ndoo, uongeze maji jagi moja moja na kulinganisha. HC-SR04 haiaminiki chini ya sentimita 2, na kwa ndoo nyembamba mawimbi yake, yanayotanuka kadiri yanavyokwenda, hugonga ukingo na kurudisha umbali wa uongo. Iweke katikati. Namba zikirukaruka maji yanapomiminika, chukua vipimo vitano vilivyopishana walau milisekunde 60, uvipange kwa ukubwa, utumie cha katikati. Wastani haufai hapa: kipimo kimoja cha uongo huvuta hesabu yote.

Kwenye tanki halisi HC-SR04 haidumu. Mvuke hugandamana kwenye macho yake mawili, na ndani ya siku chache unaona "Hakuna mwangwi" kila mara. Tumia JSN-SR04T, ambayo jicho lake halipenyezi maji na limefungwa kwenye kebo ndefu. Pini ni zile zile nne na msimbo huu unafaa. Udhaifu wake ni kwamba haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25, ndiyo maana PENGO tumeiweka 30. Kama maji yako hufika karibu na mfuniko, inua kihisi juu kwa kipande cha bomba pana. Bodi yenyewe ikae nje ya tanki, ndani ya kikopo kikavu.

Mtego mmoja wa hesabu. Ukiamua kutumia milimita na aina ya `int` badala ya `float`, 1200 mara 100 ni 120,000, ilhali `int` ya Uno huishia 32,767. Utapata -11072 na hakuna kosa litakalotangazwa. Msimbo huo huo ukiuweka kwenye ESP32 utakubali, kwa sababu kule `int` ni ya biti 32. Andika `long`.

Umeme na kufunga

Betri ya mraba ya volti 9, ambayo video nyingi huionyesha, haifai. Ina takriban miliampea-saa 500, na Uno peke yake hula karibu 50, hivyo kesho asubuhi imekufa. Chaja ya simu ya volti 5 kupitia USB inatosha. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo, kwa hiyo ijaribu usiku mzima kabla ya kuitegemea.

Jampa hulegea, hivyo kitakachokaa mwezi mzima hamishia kwenye verobodi (ubao wa matundu yenye shaba) na ukilehemu. Pasi ya wati 30 hadi 40 na risasi ya milimita 0.8 yenye dawa ndani vinatosha. Ipashe pini na shaba pamoja kwanza, ndipo uguse risasi kwenye kiungo. Risasi ikiyeyushwa kwenye ncha ya pasi na kupakwa, hutuna kama tone lakini haijashika.

Wengi hutaka papo hapo kuwasha pampu kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Umeme wa ukutani ni volti 230 au 240 na tankini kuna maji. Sehemu hiyo mwachie fundi umeme mwenye leseni. Wewe mpe waya za upande wa volti 5.

Ukihamia ESP32 ili usomeke kwenye simu, kumbuka pini zake ni za volti 3.3 na Echo hutoa 5. Weka rezista ya omu 1,000 kati ya Echo na pini, na nyingine mbili za 1,000 zilizofuatana kutoka pini hiyo hadi GND: 5 mara 2 gawanya kwa 3 ni 3.3. Masomo mengi ya mtandaoni huziruka rezista hizi, na bodi hufanya kazi kwa muda kabla pini haijafa.